Neno la Siri la Mama Soumaya

Mwaka wa kumi wa vita, mtaa wote wa Bwiza ulikuwa umechoka, lakini wengi walichoka kimyakimya. Sikuzani alichoka kwa mdomo wazi. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, kompyuta moja, printa moja iliyotafuna karatasi kama mbuzi, na ubao mlangoni ulioandikwa Secrétariat public. Mtu akitaka barua ya kuombea kazi, kadi za harusi, au mashtaka ya jirani anayemwaga maji machafu, alikuja pale, akakaa kwenye benchi, akaeleza, naye Sikuzani akamchapia. Maoni aliyatoa bure, hata kwa asiyeyaomba.

Umeme ndio uliomkera kuliko vyote. Redioni walieleza kila wiki kwamba maji ya bwawa yamepungua, kwamba milima imekatwa miti, kwamba waasi wameangusha nguzo, na kwamba wananchi wavumilie. Sikuzani alisikiliza akiwa ameegemeza shavu kiganjani, kisha akamuuliza mteja aliyekuwa karibu ni maji gani hayo yanayopungua mwezi ambao mvua imefurika na watu wanavushana barabara mgongoni. Akauliza pia kwa nini nguzo zikianguka giza linajua njia ya Bwiza tu, na kule juu kwenye nyumba za wakubwa halijui kupanda. Mteja alicheka, au alitazama mlango kuona nani anasikia. Kwa maoni ya Sikuzani, umeme ukiwa kidogo ugawiwe kama nyama ya Iddi Kubwa: waanze wale wasio na kondoo. Hiyo ndiyo iliyokuwa siasa yake ya nishati, na hakuna waziri aliyepita kuiuliza.

Kompyuta yenyewe hakuipenda. Kabla yake alitumia taipureta ya marehemu baba yake, aliyekuwa karani, mashine nzito kama jiwe la kusagia, na alipenda kusema kwamba taipureta haikuwahi kumnyang'anya neno alilokwisha kuliandika. Kompyuta ilimnyang'anya kurasa nzima. Mgao wa umeme, ambao mtaa wote uliuita délestage, ulikuja bila hodi. Kioo kikawa cheusi, na mzee wa watu aliyekuwa amesimulia shauri la shamba lake tangu asubuhi akaambiwa aanze upya. Wapo walioanza upya. Wengine walisimama wakaenda zao, wakisema shamba lenyewe siku hizi liko mikononi mwa wenye bunduki, barua itasaidia nini. Sikuzani hakuwalaumu.

Aliyemletea mashine ile, miaka miwili nyuma, ni Télesphore, mtumishi wa wizara mmoja mwenye miwani na maneno mengi. Télesphore aliwahi kupelekwa ng'ambo kwa mafunzo mafupi ya kompyuta, na tangu arudi hakupata mtu wa kumsikiliza ofisini, kwa hiyo alikuja kuhutubia Bwiza. Alikuja karibu kila wiki, akanywa chai, akazungumzia usalama wa mashine. Ndiye aliyepiga marufuku diskette za wageni, kwa sababu zilitoka duka hadi duka zikieneza virusi jinsi mafua yanavyoenea matangani. Kazi ya mteja, alisema, ibaki ndani ya mashine. Na mashine yenyewe ifungwe kwa neno la siri, isiamke kabisa mpaka iandikiwe neno hilo.

Juu ya neno la siri Télesphore alikuwa na hotuba ndefu kuliko ya Ijumaa. Siku moja aliwapa watu somo hadharani. Aliingia duka la pili, kwa Tajudini, aliyekuwa na kompyuta ya kuhamishia nyimbo, akamwomba ruhusa ajaribu kuifungua. Tajudini akakubali huku akijigamba. Télesphore akaandika *assia*, na mashine ikafunguka mara moja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa kuwa Bwiza nzima ilimwita Tajudini Baba Assia tangu alfajiri mpaka isha. Hakuna mtaa mwingine duniani, alisema Télesphore, ambapo mtu anaamkiwa na neno lake la siri kila anapotoka nje. Aliingia maduka mengine matatu. Baba Jimmy alifunguka kwa *jimmy*. Mama fulani alikuwa ameunganisha majina ya mapacha wake, akadhani amewaweza wezi.

Mwishowe akafika kwa Sikuzani, na kundi zima nyuma yake. Aliandika *soumaya*, maana binti wa Sikuzani ndiye aliyempa mama yake jina mtaani. Mashine ikakataa. Akaandika *abdu*, jina la mume wake, aliyekwenda Kigoma kutafuta maisha akayapata, pamoja na mke mwingine. Ikakataa. Akajaribu jina la baba yake, la mama yake, la mtaa. Yote ikayakataa.

"Mama Soumaya," alisema Télesphore akivua miwani, "we ndo mutu moja tu hapa Bwiza mwenye anajua kufunga mashine."

Watu walimpigia makofi. Sikuzani aliwaambia watoke, walikuwa wanamzibia mwanga.

Siri ya mtungi aijua kata. Sikuzani hakuwa amefikiria usalama hata kidogo. Neno lake nalo lilikuwa jina la mtoto, kama la wenzake wote, ila mtoto huyo hakuwa Soumaya. Kabla ya mwaka wa tisini na tano mtaa ulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mtoto huyo, mwenye miaka kumi na tatu, alitoka Jumamosi moja kufuata betri ya gari waliyokuwa wakisikilizia redio, iliyokuwa ikichajiwa kwa fundi Shakuru, mitaa miwili mbele. Asubuhi hiyo hiyo vijana wenye silaha waliingia Bwiza. Milango ilifungwa, mabomu ya mkono yakalia, na jioni palipotulia betri ilipatikana kando ya mtaro. Mtoto hakupatikana. Sikuzani alizunguka hospitali, akazunguka misikiti na shule zilizojaa wakimbizi, akavuka mpaka wa nchi hadi Uvira kuuliza. Shehe alipomshauri waswali swala ya maiti aliye mbali, alimjibu kwamba aliyemuona maiti ainue mkono. Hakuna aliyeuinua.

Basi hapakuwa na kaburi, hapakuwa na matanga, na watu hawakujua waseme nini. Kwa muda walimwita hivyo hivyo kwa jina lile, na kila walipolitaja uso wake ulibadilika. Kisha asubuhi moja bombani, bibi Nsimire, jirani yake, mtu wa huruma, alimwambia, "Mama Soumaya, pitisha ndoo yako mbele." Halikupita hata juma, mtaa wote ukafuata. Hakuna kikao kilichokaliwa. Jina la kijana likaacha kutajwa, mchana wala usiku, nyumbani wala dukani. Sikuzani aliitikia jina jipya, na lilimuuma kwa sababu aliitikia kwa urahisi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watu walidhani wamempunguzia.

Kwa hiyo Télesphore alipomwambia achague neno ambalo hakuna mtu atakayelisema, vidole vyake havikutafuta mbali. Aliliandika, na kioo kikaonyesha vinyota tu, hata mashine nayo ikamfichia. Tangu hapo akaliandika kila asubuhi, akifunika kibodi kwa mkono wa kushoto. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ililala mpaka ipewe neno tena. Siku ya délestage mbaya alimwita mwanawe mara nyingi kuliko siku njema. Alilalamika kama wenzake, tena zaidi yao. Lakini taa zilipowaka na mtaa ukapiga vigelegele, yeye alikuwa ameshakaa kwenye kiti, vidole tayari.

Mwaka huo wa kumi wa vita, shangazi yake aliyeolewa Ruziba, nje ya mji kando ya ziwa, alifiwa na mumewe. Siku ya arobaini Sikuzani alikwenda kusoma hitma, akamwachia duka Soumaya, aliyekuwa na miaka kumi na saba na alijua kazi yote isipokuwa neno. Ilikuwa alale usiku mmoja tu. Asubuhi mizinga ikaanza kulia milimani nyuma ya Kanyosha. Askari wakafunga barabara ya mjini, na watu wa vilima vile wakateremka kuelekea ziwani, na magodoro, na sufuria, na mbuzi, na wazee migongoni. Kabla ya adhuhuri kiwanja cha shangazi kilijaa hadi jikoni.

Njia ilikuwa imewatenganisha wengi. Mama aliyempoteza mwanawe alisimama akaliita jina lake kwa nguvu, na wote waliokuwa karibu wakalipokea, wakalipitisha kiwanja cha pili, nao wa pili wakalipeleka cha tatu. Hivyo ndivyo watu wa kule walivyozoea vitani. Majina yaliruka juu ya nyua tangu asubuhi, Gélase, Jovithe, Térence, na mara nyingine jibu lilirudi kwa njia ile ile: yuko hapa, anakula. Sikuzani alikaa kwenye kibaraza akichagua mchele kwenye ungo wa shangazi. Kila jina lililopita alitamani kuziba masikio. Hakuwaonea wivu waliojibiwa, alijiambia. Aliwaonea.

Simu yake ikalia. Ilikuwa simu kuukuu iliyoanguka, kioo kimekufa, haisomi wala haiandiki ujumbe, imebaki ya kupiga na kupokea tu. Alikuwa Soumaya.

"Mama, umeme imerudi, lakini wanasema saa nane itaenda tena. Carmen iko hapa. Mashine inaomba neno. Nimejaribu jina yangu, ya baba, ya Mutume, yote inakataa."

Carmen alikuwa muuguzi, mjane, mteja wa siku nyingi. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma nje, na nafasi kama ile vitani haiji mara mbili. Karatasi zake zote Sikuzani ndiye aliyezichapa, wiki nzima, zikikatizwa na délestage, na kwa sheria ya Télesphore zilikuwa ndani ya mashine tu na si penginepo. Mtu wa kuzibeba alikuwa anapanda ndege alasiri hiyo. Zisipochapwa, nafasi ingepewa mwingine, na Carmen angebaki kushona majeraha ya vita mpaka yeye mwenyewe ashonwe.

Sikuzani alijua hayo yote, na bado jambo la kwanza alilosema ni Carmen aje kesho.

"Kesho itasaidia nini, Mama? Ule mutu anaondoka leo."

Alisimama. Ndani ya ule uwanja kulikuwa na watu wasiohesabika, na jina lile hakuwa amelitoa mdomoni kwa miaka minane. Kuliandika ni kitu kimoja. Vidole havina sauti. Aliogopa kwamba akilitamka litasikika kama jina la mtu aliyekufa. Aliogopa pia Soumaya, ambaye alikuwa mtoto mdogo siku ile na hakuwahi kumuuliza mama yake lolote.

"Ni jina ya mukubwa wako," akasema.

"Ya nani?"

"Ya ule alikutangulia."

Sauti ya Soumaya ilikatika, ikarudi, ikakatika. "Mama, sikusikii. Jina ya nani?"

Shangazi alimwonyesha kwa kidole: mtandao ulishika vizuri pale ukutani tu, karibu na barabara. Sikuzani akapita katikati ya watu, akiruka magodoro, akiomba radhi, simu sikioni. Alipofika ukutani alilisema jina, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Upande wa pili walisema hawasikii. Mzinga ukalia mlimani. Alilisema tena, kwa sauti kubwa kidogo, na binti akasema anasikia mikwaruzo tu, na kwamba Carmen ametazama saa na muda umebaki kidogo sana.

Hapo Sikuzani alikasirika. Alikasirikia simu, na vita, na mwenye kugawa umeme, na Télesphore na vinyota vyake, na bibi Nsimire na huruma yake, na mtaa mzima ulionyamaza kwa mapenzi. Akavuta pumzi, akapiga ukelele.

"Seifu!"

"Nini, Mama?"

"Seifu! Seifu! Seifu we!"

Halikutoka kama neno la kufungulia mashine. Lilitoka kama lilivyokuwa likitoka zamani mlangoni, magharibi, chakula kinapoa na mtoto bado yuko nje anacheza. Yeye mwenyewe alilisikia hivyo, akashika ukuta.

 Kisha Soumaya akasema, kwa sauti ndogo iliyofika safi bila mkwaruzo hata mmoja, "Nilidhania ni ile. Niliogopa kuiandika." Zikasikika herufi zikigongwa. "Imefunguka, Mama." Nyuma yake Carmen alikuwa anamshukuru Mungu, na printa ikaanza kuguna. Kisha betri ya simu ikaisha.

Sikuzani alibaki pale, simu mkononi. Alifikiri kwamba sasa itabidi neno libadilishwe, maana Ruziba nzima imelisikia, na Télesphore atapata hotuba ya mwezi mzima. Ndipo alipogundua kwamba jina halikunyamaza. Mwanamke aliyekaa karibu na lango alikuwa amelipokea. "Seifu!" Mwingine akalipokea ng'ambo ya ukuta. "Seifu!" Liliruka kiwanja cha pili, na cha tatu, sauti za watu asiowajua, wengine na lafudhi ya milimani, wote wakimwita mwanawe kwa nguvu, mchana kweupe.

Mama mmoja kutoka Kanyosha, mtoto mgongoni, alimjia mbio akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Seifu," alimwambia, "tutamuona tu. Mutoto wako alivaa nini?"

Sikuzani alijua la kufanya. Ilimpasa aseme samahani, ni mambo ya kompyuta, Seifu hajapotea leo, rudini kwa watoto wenu. Aliona aibu kuwatumikisha watu ambao nao wametoka kupoteza nyumba. Lakini swali lile hakuna aliyemuuliza tena tangu alipoacha kuzunguka, na jibu lilikuwa limemjaa mdomoni.

"Shati ya njano," akasema. "Kifungo ya huku juu ilikatika. Na suruali ya shule. Ndala ni zangu mi, zinamuzidi mguu."

Yule mama aligeuka akawatangazia wenzake: shati la njano, suruali ya shule, ndala kubwa. Wakaenda na tangazo hilo, kiwanja kwa kiwanja, mpaka kwa wavuvi ufukweni. Sikuzani hakuwakataza. Alisimama ukutani alasiri yote akisikiliza, na kila walipomwita, alitazama barabara.